Mwalimu wa Mpira wa Chuo Kidogo: Maisha na Kazi ya Frosty Westering

Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazee wa usharika katika juma la Jubilei ya miaka 100



Kamati ya Jubilei iliponipa nafasi hii ilinitaka niseme neno juu ya vijana na michezo. Sababu yake mnaijua. Kwa mwaka wa pili sasa Baraza la Wazee linajadili habari za kiwanja kilicho nyuma ya kanisa: je, kiendelee kuwa kiwanja cha vijana, au kijengwe vibanda vya kupangisha ili usharika ujipatie mapato? Mimi si mjumbe wa Baraza, wala sikuja kupiga kura. Nimeona vema niwasimulie habari za mtu mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kufundisha mpira katika chuo cha Kilutheri, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Mtu huyo ni Forrest Westering, ambaye ulimwengu wa michezo ulimjua kwa jina la Frosty. Alizaliwa Desemba 1927 na kufariki Aprili 2013, akiwa na umri wa miaka 85. Katika umri huo alitumia misimu 32, tangu 1972 hadi 2003, mahali pamoja: Pacific Lutheran University, chuo kilichopo Parkland, pembezoni mwa mji wa Tacoma, katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1890 na wahamiaji wa Kinorwe, wakiongozwa na Mchungaji Bjug Harstad. Miaka mitatu baadaye, 1893, wamisionari wa Leipzig walifika kwetu hapa Kilimanjaro. Watu wa ungamo moja, wasiojuana, walikuwa wakikata miti na kuweka misingi ya majengo katika pande mbili za dunia, chini ya milima miwili yenye theluji. Wachezaji wa chuo hicho huitwa Lutes, jina lililofupishwa kutoka neno Walutheri. Basi siku ya Jumamosi watu wanapopiga kelele uwanjani kushangilia timu yao, kwa kweli wanawashangilia Walutheri. Jambo ambalo sijapata kulisikia katika ligi yetu.

Mchezo wenyewe si kandanda tunayoijua. Ni mpira wa Kimarekani, wachezaji 11 kila upande, mpira wa umbo la yai, na uwanja wenye urefu wa yadi 100, yaani kama mita 91. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10; ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Anayevuka mstari wa mwisho na mpira huipatia timu yake pointi 6. Ni mchezo wa kugongana. Wachezaji huvaa kofia ngumu na ngao za mabega, na mtu akiangushwa huangushwa kweli. Nawaeleza haya ili mwone kwamba mambo nitakayoyasimulia hayakutokea katika mchezo wa upole.

Westering alikuwa mwana wa jimbo la Iowa, nchi ya mahindi na nguruwe. Katika ujana wake alitumikia jeshi la Marines, na humo akawa mwalimu wa kwata. Wazee mliopita Jeshi la Kujenga Taifa mnamjua mwalimu wa kwata ni mtu wa namna gani. Baada ya jeshi alisoma, akawa mwalimu na kocha wa shule za sekondari huko Iowa, kisha akaingia katika vyuo: kwanza Parsons College, katika mji wa Fairfield, Iowa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, halafu Lea College, katika mji wa Albert Lea, Minnesota, tangu 1966. Alijipatia pia shahada ya uzamivu katika elimu, na huko Tacoma alikuwa mwalimu wa darasani sawasawa na kuwa mwalimu wa uwanjani.

Hapa naomba tutue kidogo, kwa maana jambo hili hupitwa haraka na wanaoandika habari zake. Westering alihamia Pacific Lutheran mwaka 1972. Mwaka uliofuata, 1973, Parsons College kilifilisika na kufungwa. Mwaka huohuo Lea College nacho kikafungwa, kikiwa hakijamaliza hata miaka kumi. Vyuo vyote viwili alivyovitumikia kabla ya hapo vilitoweka katika mwaka mmoja. Majengo ya Parsons yalinunuliwa mwaka 1974 na chuo cha wafuasi wa Maharishi wa India, watu wa imani nyingine kabisa. Madarasa yakabaki, viwanja vikabaki, lakini wenyewe hawakuwapo tena. Jaribu kufikiri mtu amefundisha miaka kadhaa mahali, amewajua vijana kwa majina na wazazi wao kwa majina, kisha anaambiwa kwamba chuo kile hakipo. Kazi yake imebaki wapi? Haikubaki katika daftari la chuo, kwa kuwa chuo chenyewe hakipo. Kama imebaki mahali popote, imebaki ndani ya wale vijana. Sijui kama Westering mwenyewe aliwahi kulisema hivyo, ila naona kwamba miaka 32 iliyofuata aliishi kama mtu aliyelijua.

Pacific Lutheran ni chuo kidogo. Huko Marekani vyuo vikuu vikubwa huchezesha mpira mbele ya watu elfu themanini au laki moja, kocha hulipwa kuliko mkuu wa chuo, na mchezaji hodari husomeshwa bure kwa sababu ya miguu yake. Chuo kidogo hakina hayo. Pacific Lutheran hakikuwa hata na uwanja wake wa mashindano. Kwa miaka mingi kiliazima uwanja wa shule za mji jirani wa Puyallup. Tangu mwaka 1998 kimo katika Daraja la Tatu la chama cha NCAA, na katika daraja hilo kanuni hairuhusu kumpa kijana ufadhili wa masomo kwa ajili ya mchezo. Kijana hulipa karo kama wenzake. Anacheza kwa sababu anataka kucheza, na baada ya mwaka wa nne, akiwa na miaka 22, mchezo huo humwishia kabisa. Atakuwa mwalimu wa hesabu, mhasibu, mchungaji, muuguzi.

Kwa kawaida kocha kijana mwenye uwezo hukitumia chuo cha namna hiyo kama ngazi. Akishinda misimu miwili au mitatu hupanda kwenda chuo kikubwa zaidi. Westering hakupanda. Aliandika kitabu mwaka 1990 alichokiita Make the Big Time Where You Are, maana yake, ule ukubwa unaoutafuta kwingine uujenge hapo ulipo. Maneno kama hayo ni mepesi kuyasema. Tunayasikia katika mahafali nyingi, na mara nyingi anayeyasema amekwisha kukata tiketi ya basi. Huyu aliyasema na akabaki.

Sasa tuangalie alivyofundisha, maana hapo ndipo penye utajiri wa habari hii.

Alikataa kumpima kijana kwa kumlinganisha na mwenzake. Kipimo chake kilikuwa kijana mwenyewe katika ubora wake: leo umecheza karibu kiasi gani na uwezo uliopewa? Aliita jambo hilo ushindi maradufu. Timu inaweza kushinda kwenye ubao wa magoli na kushindwa katika kipimo hiki, na inaweza kushindwa kwenye ubao na kushinda hapa. Alitaka zote mbili, lakini aliweka wazi ni ipi inayotangulia. Aliwafundisha pia kumtanguliza mwenzako, na fahari ya timu ikawa katika neno moja la kifupi, EMAL, lenye maana kwamba kila mtu ni Mlute. Yule anayecheza dakika zote na yule ambaye hatoki benchi msimu mzima ni wa timu kwa kiasi kilekile.

Kabla ya msimu kuanza, wakati timu nyingine zilipokuwa zikifanya mazoezi mara mbili kwa siku chini ya jua la Agosti, yeye aliwachukua vijana wake kwenda pwani ya Oregon kwa siku chache. Huko walicheza michezo ya kuchekesha, waliimba, walizungumza, walifahamiana. Katika mechi, mchezaji wake alipomwangusha mpinzani alitakiwa kumpa mkono na kumwinua. Baada ya mechi, washinde au washindwe, wachezaji, wazazi, wachumba na watoto walikusanyika, wakaimba na kushukuru, na kila aliyetaka alisimama kusema neno la kumshukuru mwenzake.

Kuna na jambo la mlima. Kutoka Parkland huonekana Mlima Rainier, wenye urefu wa mita 4,392. Sehemu zile zina mvua na mawingu mengi, na mlima hujificha siku nyingi, kama huu wetu unavyojificha mwezi wa Aprili. Mlima ulipojitokeza wakati wa mazoezi, Westering alisimamisha kila kitu. Vijana wote walielekea upande ule, wakaupigia mlima makofi na kuushangilia kwa sauti, kisha wakarudi kazini. Sisi tuliozaliwa chini ya Kibo, wenye mita 5,895, ni lini tumesimamisha jambo lolote kwa ajili yake? Tunauona kwa macho ya wageni, wanapokuja na kamera.

Kusema kweli, sehemu nyingine za mwenendo huu zingenishinda. Mtu mzima kuwaimbisha vijana wenye misuli nyimbo za kitoto ni jambo ambalo mzee wa Kichaga angelitazama kwa mbali akatikisa kichwa. Nimefundisha shule za sekondari miaka mingi na sikuwahi kuimba darasani. Lakini nimejiuliza: mtu huyu alikuwa mwalimu wa kwata, alijua kabisa namna ya kumfanya kijana atii kwa hofu. Njia ile alikuwa nayo mkononi, imejaribiwa, inafanya kazi. Akaiweka chini, akachagua nyingine iliyomhitaji yeye mwenyewe aonekane mjinga mbele ya watu. Hilo si jambo dogo kwa mwanamume wa kizazi chake.

Mtauliza: matokeo je? Maana wengi wetu tunapenda hadithi za upole mpaka tutakapoulizwa kombe liko wapi.

Katika maisha yake yote ya ukocha wa vyuo alishinda mechi 305, akafungwa 96, akatoka sare 7. Kati ya hizo, mechi 261 alizishinda Pacific Lutheran. Katika misimu 32 aliyokaa pale hakuna hata mmoja ambao timu yake ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Aliifikisha fainali ya taifa mara nane. Mwaka 1980 walitwaa ubingwa wa daraja la pili la chama cha NAIA. 1987 walitoka sare ya 16 kwa 16 katika fainali. 1993 waliifunga Westminster ya Pennsylvania 50 kwa 20. Kisha mwaka 1999, wakiwa wageni katika chama cha NCAA, walishinda michezo mitano ya mtoano mfululizo bila kucheza hata mmoja nyumbani kwao, na tarehe 18 Desemba huko Salem, Virginia, wakaifunga Rowan ya New Jersey 42 kwa 13. Mwaka 2005 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa vyuo vya Marekani.

Hapo ndipo penye swali gumu, na nisingependa kulikwepa. Mtu aliyeshinda mechi 305 akisema kwamba ushindi si kitu cha kwanza, tumsadiki? Ni rahisi kudharau kombe ukiwa nalo kabatini. Tajiri naye husema fedha si kitu.

Jibu langu nimelitafuta katika fainali alizopoteza. Nimesema alifika mara nane. Mwaka 1983 walifungwa, 1985 wakafungwa, 1991 wakafungwa tena. Mwaka 1994 walikutana na Westminster ileile waliyoifunga mwaka mmoja kabla, na safari hii wakafungwa wao, 27 kwa 7. Yaani nusu ya safari zake za fainali zilimwacha amesimama pembeni akiwatazama wengine wakinyanyua kombe. Kama kipimo chake kingekuwa kombe tu, miaka hiyo ingempasa abadili njia, aache safari ya pwani, aache nyimbo, aongeze kwata. Hakubadili. Alifanya 1995 yaleyale aliyoyafanya 1993. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji na taji lao linaloharibika, hakuwaambia waache kukimbia. Naye Westering hakuwaambia vijana wake wacheze kwa uvivu. Walifanya kazi kwa bidii sana. Tofauti ni kwamba walipofungwa hawakuwa wameporwa kila kitu.

Na msidhani kwamba ni Walutheri pekee wenye mtu wa namna hiyo. Ndugu zetu Wakatoliki wanaye John Gagliardi, kocha wa Saint John's, chuo cha Wabenediktini huko Minnesota, ambaye alikaa pale misimu 60, tangu 1953 hadi 2012, na kufikisha ushindi wa mechi 489. Huyo hakutumia filimbi mazoezini, alikataza wachezaji kuangushana siku za mazoezi, na aliwataka wamwite John tu. Alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 91. Kwa hesabu ya ushindi amempita Westering mbali, na heshima kwa mwenye heshima. Wote wawili walikaa pahali padogo, na wote wawili waliacha ukali ambao wengi huudhania kuwa ndio ualimu wenyewe.

Westering alipostaafu, kazi ilichukuliwa na mwanawe, Scott, aliyekuwa msaidizi wake, naye akaifanya tangu 2004 hadi 2017. Kwetu hapa jambo la mtoto kurithi kiti cha baba lingeleta maneno kwa miezi sita, na pengine kwa haki.

Sasa nirudi kwetu. Nimepata nafasi ya kuusoma mswada wa kitabu chetu cha Jubilei, na naipongeza kamati kwa kazi nzuri. Humo mna mwaka lilipowekwa jiwe la msingi la kanisa la kwanza, mna mwaka zilipopandishwa kengele, mna zahanati, shule ya chekechea, na nyumba ya mchungaji, na mabati ya kila jengo yamehesabiwa. Mna orodha ya wachungaji wote na wenyeviti wa kamati zote. Hao wanastahili. Lakini nimetafuta mahali panapomtaja mtu aliyewakusanya vijana kiwanjani kila Jumamosi alasiri baada ya mafundisho ya kipaimara, nami sikupaona. Nimetafuta walioanzisha timu ya netiboli ya wasichana, sikuwaona. Kiwanja kimetajwa mara moja tu, katika sura ya mali za usharika, kwa vipimo vyake.

Naelewa sababu. Jengo lina risiti, na mwalimu wa mpira hana risiti. Anayetaka vibanda atatuonyesha hesabu ya kodi ya mwezi, nayo ni hesabu ya kweli, usharika una mahitaji, na sitamdharau hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba hesabu ya upande wa pili nayo iletwe mezani, kabla ya Baraza kupiga kura. Hesabu hiyo ni majina: ni nani aliyefundisha pale, miaka mingapi, na vijana gani walipita mikononi mwake, na leo wako wapi. Wengine wamo humu ndani, mmoja ameketi katika meza ya waheshimiwa, na yeye mwenyewe anajua aliyemnunulia viatu vyake vya kwanza vya mpira.

Nimezungumza na mhariri wa kitabu. Amekubali kuacha kurasa mbili wazi kwa ajili ya majina ya waliofundisha vijana wetu michezo, kwaya na tarumbeta, mradi yafike ofisini kwa katibu wa usharika kabla ya Jumapili ijayo. Kwa miaka ya karibuni haitakuwa taabu. Ugumu upo katika miaka ya mwanzo: wale walioukata msitu wa migomba na kupasawazisha mahali pale, na yule aliyechora mistari ya kwanza kwa majivu ya jikoni. Wanaomkumbuka yule hawazidi watatu, wote wamepita miaka themanini, na mmoja wao hatoki nyumbani tena. Vijana wa kipaimara, nendeni kwake Jumatano, saa kumi, na mchukue daftari.